Ukucha Chini ya Taji

Tarehe 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini umzima, cherehani inazunguka, na goti la Baba limepungua kuvimba. Mimi sijambo. Nimehamia chumba cha ghorofa ya pili, kina dirisha linalofunguka, na yule mwenzangu aliyekuwa akikoroma kama anasaga mawe kabaki chini na mawe yake. Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Kreti limefika jana asubuhi. Nililipokea mwenyewe mlango wa nyuma wa hoteli, nikalibeba mpaka jikoni huku nacheka peke yangu kama mwehu. Unajua nilivyohangaika. Miezi mitatu nimemganda Mpishi Mkuu: bosi, baba yangu ana meza ya makomamanga sokoni, hachagui kwa macho kama hao wanaotuletea, analigonga komamanga kwa kifundo cha kidole, analiweka sikioni, na akikwambia hili zuri, pasua ule. Mpaka mwenyewe akachoka, akasema haya, yalete. Makreti matatu ya majaribio. Yakimridhisha, hoteli inachukua kwa Baba na kwa Baba tu.

Basi akawaita watu wote wa jikoni waje waone. Mimi ndiye wa saladi na vitu baridi, kwa hiyo kisu kikawa changu. Nikalizunguka taji juu juu kama tulivyofundishwa, nikanyanyua kile kifuniko, nikafuata kuta nyeupe, nikapasua kwa vidole.

Jeusi tii. Punje zote zimekuwa uji wa masizi.

Nikacheka, nikasema hilo ni bahati mbaya. Nikachukua la pili. Jeusi. La tatu zuri. La nne jeusi. Dada, kati ya makomamanga arobaini, kumi na saba yalikuwa yameoza moyo! Nje hayana hata doa. Muosha vyombo akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka stoo, kama baba yangu anagonga kwa kidole au kwa nyundo. Jiko zima liliangua kicheko, na mimi nimesimama pale na juisi nyeusi inanitiririka mpaka kwenye viwiko.

Baba hawezi kuchagua komamanga bovu. Mimi nawe tumezaliwa tukalikuta hilo. Kwa hiyo ni wewe. Mazuri umewagawia mashoga zako wanaokuja kupima magauni, mimi umenijazia masazo. Tangu nilipopata kazi hapa umenuna, na usibishe.

Nilipiga simu nimuulize Baba mwenyewe, ukapokea wewe. Unapokea wewe kila siku. Baba yuko na wateja, Baba kalala, Baba anaoga. Mwaka mzima Baba anaoga! Basi namba yako nimeifungia, na ya Baba sipigi tena mpaka anipigie mwenyewe. Ukiwa na la kusema, andika, uliweke ndani ya kreti. Hili tupu narudisha kwa basi.

Mdogo wako,
Kijiko


Tarehe 11 Machi

Kijiko,

Marahaba. Goti la Baba limepona. Mimi nina sare za shule arobaini za kuwekea zipu na sindano mbili zimevunjika wiki hii. Jirani wa ukuta wa nyuma kajifungua mapacha, wote wana sauti ya baba yao. Nafurahi umepata dirisha.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ofisi ya basi, na karani akaniuliza kama kuna msiba.

Wewe mtoto una mdomo. Mimi ndiye mwizi wa makomamanga? Mimi, niliyekuwa nakuchambulia punje moja moja nakuwekea kwenye bakuli kwa sababu wewe ulikuwa hutaki kuchafua vidole, mpaka mtaa mzima ukakuita Kijiko? Na huyo aliyekuambia nimenuna ni nani? Nina muda wa kununa mimi? Ninaamka nampikia Baba, namfulia Baba, nashona mpaka mgongo unauma, halafu nikae ninune!

Sikubadilisha hata moja. Kreti hilo Baba alichagua mwenyewe, akapanga mwenyewe kwenye majani makavu, akapigilia misumari mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye cherehani barazani, hatua sita kutoka kwenye meza yake, nikimwangalia. Hakuniruhusu hata kumshikia nyundo. Alisema hili ni la binti yangu wa hoteli.

Kwa nini yametoka mabovu, usiniulize mimi.

Kama huniamini, tazama ukucha. Umesahau? Kila komamanga ambalo Baba ameligonga akaridhika nalo, analikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, chini kidogo ya taji, ndipo linapanda mezani. Tangu tukiwa wadogo. Yatoe hayo maganda huko mlikoyatupa, uyatazame. Halafu niandikie umeona nini.

Na Baba anaoga kwa sababu ni msafi.

Dada yako


Tarehe 18 Machi

Dada,

Shikamoo. Hongera kwa jirani. Hapa joto limezidi, barafu inaisha kabla ya saa sita, na nimejikata kidole cha shahada, si sana.

Maganda yalishakwenda na gari la taka. Na usinibadilishie maneno. Mimi nazungumzia makomamanga, wewe unaniletea kucha.

Nimemwomba Mpishi Mkuu msamaha mbele za watu. Nimesema kreti lilikaa juani kwenye basi. Nimedanganya kwa ajili ya nyumba yetu, na wewe unakaa huko unaniuliza kama una muda wa kununa. Amekubali kreti la pili. Tarehe 6 Aprili kuna chakula cha mchana cha wageni sitini, na anataka punje ziwe juu ya kila sahani, nyekundu, nzima, zisizopasuka. Amenikabidhi mimi. Nikiharibu mara hii sitakuwa na uso wa kumtazama mtu yeyote katika jiko hili.

Kwa hiyo sikia vizuri. Baba achague mwenyewe, agonge mwenyewe, apange mwenyewe. Mkono wako usiguse. Huo wa kushoto unaojivunia, usiguse hata msumari. Ukiona Baba anapanga, wewe geukia ukutani.

Unakumbuka Ijumaa alivyokuwa akirudi na komamanga moja tu mfukoni, lile alilolipenda kuliko yote ya wiki? Anatuweka chini, analigonga mbele yetu, anasema sikilizeni, limejaa. Analipasua ndani ya beseni la maji, punje zinazama, ule utando mweupe unaelea, anauchota anaumwaga. Halafu hali. Anatutazama tu tukila. Mtu huyo ndiye unayetaka niamini kanipangia masizi.

Simu ya Baba bado sijaiona ikiita kwangu. Mwambie.

Kijiko


Tarehe 2 Aprili

Kijiko,

Marahaba. Sote wazima.

Ulisema mkono wangu usiguse. Haukugusa.

Dada yako


Tarehe 8 Aprili

Dada,

Sikusalimii.

Ishirini na tatu. Kati ya arobaini, ishirini na tatu! Niliyaacha yote nikayapasua asubuhi ileile ili punje ziwe mbichi, kwa sababu Baba ndiye aliyenifundisha kwamba punje zikilala zinapoteza mlio kinywani. Saa tano nina sahani sitini zimepangwa na punje za kutosha sahani ishirini na tano. Nilikimbia mpaka duka la pembeni na aproni yangu ya madoa, nikanunua yale ya kung'aa, ya duara, mepesi, ambayo ndani ni maji na mbegu ngumu. Mgeni mmoja aliitema punje kwenye kitambaa. Nilimwona kupitia kidirisha cha mlango.

Mpishi Mkuu hakunifokea. Heri angefoka. Alichukua kisu changu cha saladi akampa mwingine, mimi akanionyesha magunia ya viazi. Sasa namenya viazi. Umefurahi?

Barua yako ya mistari miwili nimeisoma mara kumi. "Haukugusa." Ulikuwa unajua. Sijui ulijua nini, lakini ulijua, na ukaacha kreti liondoke. Mtu anaona nyumba ya mdogo wake inaungua anakunja mikono anasema niliambiwa nisiguse maji!

Niambie kuna nini hapo nyumbani.

K.


Tarehe 17 Mei

Kijiko,

Kreti lako tupu limekaa ofisi ya basi zaidi ya mwezi. Karani alituma ujumbe mara tatu, mara ya nne akaja mwenyewe na suruali yake ya kushona akanipa na barua. Sikwenda kuichukua kwa sababu nilijua umeandika nini. Mapacha wa jirani wameanza kucheka. Baba mzima. Anakula, analala, anakwenda mezani saa kumi na mbili na nusu, anawaambia watu wote kwamba hoteli kubwa inakula kwa sikio lake.

Baba hasikii.

Haya, nimesema. Nimevunja kiapo, na wewe ndiye umenivunjisha.

Ni miaka miwili na miezi minne sasa. Nilijua siku lori lilipopiga honi nyuma yake, watu wote tukaruka, yeye anaendelea kupanga piramidi yake ya makomamanga kama vile amekaa sebuleni. Nilimpeleka hospitali. Sikio la kulia limekwisha kabisa, la kushoto limebaki na kidogo. Walimpa kifaa. Alikivaa siku mbili, akasema ndani ya kile kidude makomamanga yote yanalia kama bati. Sasa kipo kabatini, ndani ya kopo langu la vifungo. Aliniapisha palepale kwenye ngazi za hospitali: Kijiko asijue. Wateja wasijue, lakini zaidi Kijiko asijue. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Wewe unanihurumia. Yule ananisifia."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia, mimi ninayemfulia soksi.

Na bado anagonga. Anagonga, anainamisha kichwa, anatabasamu, anapiga ukucha. Hasikii kitu! Mwaka wa kwanza wateja walianza kurudisha. Basi nikawa nasubiri aende nyumbani kula mchana. Nina nusu saa. Nayatoa mabovu aliyoyapitisha, naweka mazuri, nayapiga ukucha wangu ili yafanane na yake. Nimejifunza mwenyewe, bila sikio. Nalishika kwenye kiganja nafumba macho. Zuri ni zito kuliko umbo lake. Halifanani na mpira. Lina pembe, mbavu zimetoka nje kwa sababu punje zimejaa zinasukuma ganda. Halina mng'aro, ganda limekauka kama ngozi ya kiatu kikuukuu. La duara na jepesi naliacha hata liwe zuri kama bibi harusi. Nilikosea sana mwanzoni. Mabovu yote niliyopasua nikijifunza yalimwagwa nyuma ya choo ili asiyaone, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi wiki nzima, nikashindwa kushika gauni jeupe la mtu.

Yale makomamanga matano matano niliyokuwa nakutumia kila mwezi, uliyokuwa ukipiga simu kupiga kelele kwamba hakuna kama Baba, hakuna kama Baba, nani alikuwa anayachagua? Nilikuwa naisikia simu ile nimeishika mimi, nakujibu nitamwambia. Sijala komamanga kwa raha miaka miwili, Kijiko. Nikilipasua nalipasua kwa kukagua.

Kreti lako la kwanza ndilo pekee ambalo sikulifikia. Alilipigilia misumari kabla hajaenda kula. Lilipokwenda vibaya ningeweza kumwambia. Aliniuliza, wamesemaje hoteli? Nikamnyooshea dole gumba. Nikacheka na meno yote. Basi la pili akalipanga kwa mbwembwe zaidi.

Na la pili, ndiyo, nilijua. Nilikaa barazani nikamwona anapitisha bovu moja, mbili, tano. Ningeweza kulifungua usiku nikabadilisha. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, mkono wako usiguse, geukia ukutani. Nilikuwa na hasira hata sindano siioni. Nikasema haya, apate anachokitaka. Nikashona vifungo. Hilo ni kosa langu na silikatai.

Lakini lako lipo wapi? Nilikuuliza umeona nini kwenye maganda. Hukunijibu. Wewe una macho kuliko sisi wote. Usinidanganye kwamba hukutazama.

Sasa unajua. Mwambie wewe. Mimi nimechoka.

Mashoto


Tarehe 26 Mei

Dada,

Shikamoo. Shikamoo mara mbili, na ile niliyokunyima Aprili.

Nilitazama.

Siku ileile ya kwanza, kabla hata hawajamaliza kucheka. Niliokota maganda ya mabovu nikayageuza. Yote kumi na saba yalikuwa na ukucha wa Baba chini ya taji, umeinama kulia. Nikayapeleka kwenye sinki nikayasugua kwa sifongo la chuma, sijui nilidhani yatafutika. Halafu nikakaa chini nikakuandikia kwamba wewe ni mwizi. Ilikuwa rahisi zaidi wewe uwe mwizi kuliko Baba awe amekosea.

Na kuna jingine, nalo ulijue, nisibaki nalo. Yale matano matano ya kila mwezi ukucha wake ulikuwa unainama kushoto. Yote. Niliona tangu mwaka juzi. Nikajiambia Baba amebadilisha mkono kwa sababu ya uzee. Nikajiambia hivyo kila mwezi nikiwa na kijiko mkononi, na nikaendelea kupiga simu kusifia. Mtu anajidanganya mpaka anashiba.

Nina hasira, Dada. Na mimi mwenyewe, lakini usidhani umepona. Mlikaa huko wawili mkaniacha nijisifu mbele ya jiko zima. Mliniacha nimvike Baba kilemba cha ukoka kila ninapofungua mdomo. Mkaniona mtoto wa kuchambuliwa punje. Nina miaka thelathini na moja, namenya viazi vya wageni mia, na nyumbani kwetu mimi ndiye wa mwisho kujua kwamba baba yangu hanisikii!

Nilikuwa namsubiri apige simu. Miezi mitatu namsubiri kiziwi apige simu.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, nimeibandika. Ni ya Baba. Usiifungue. Nimemwandikia kwa herufi kubwa, kurasa nne. Hivi hilo halikuwahi kukujia? Miaka miwili unamfokea sikioni kama muuza magazeti, na macho yake ni mazima, anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Ungeandika tu.

Mpishi Mkuu nimemweleza. Amesema aliahidi makreti matatu, na yeye akisema matatu ni matatu. La mwisho lije lini, tuamue sisi. Kisu bado hajanirudishia.

Kijiko


Tarehe 24 Juni

Kijiko,

Marahaba zote. Mapacha wana jino moja moja. Sare zimekwisha, sasa nashona mapazia ya ofisi fulani, mazito, yananikata vidole. Baba mzima, ila alikuwa haongei nami vizuri, nitakueleza.

Bahasha nilimpa mezani saa tatu asubuhi. Hilo la kuandika, ndiyo, halikunijia, na usilirudie tena maana limeniuma. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote nne, akarudi mwanzo akasoma tena. Mteja alikuja akasimama, akasubiri, akaondoka. Sijui ulimwandikia nini. Ameikunja ameiweka mfuko wa shati, na shati hilo likifuliwa anaihamishia kwenye jingine.

Halafu akainuka akaja barazani kwangu. Unajua mtu asiyesikia hajui anavyopiga kelele. Soko zima liligeuka kututazama.

"Unadhani na macho yamekufa?" akaniambia. "Ukucha wako unaangalia kushoto! Toka lini mimi ni mashoto?"

Alikuwa anajua, Kijiko. Tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa anarudi kutoka kula, anaikuta meza imejaa kucha za kushoto, anauza, ananyamaza. Alikuwa ananingoja niseme. Mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi, wewe unajificha, na sote watatu tunasifia makomamanga!

"Lile kreti la kwanza nililipigilia misumari usilifikie," akasema. "Nilitaka nijue kama bado nasikia. Nikakuuliza yamefikaje. Ukaninyooshea hili." Akaninyooshea dole gumba usoni. "Nikaamini. Nikasema kumbe bado nipo. Umenifanya mjinga."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia na hizo sahani zako, na hizo soksi, na vidole vyangu vyeusi. Niliinuka kabisa. Lakini ningemjibu vipi, kwa kufoka sokoni? Nikachukua chaki ya kuchorea vitambaa, nikaandika juu ya meza ya cherehani, kubwa: ULINIAPISHA WEWE. Akasoma. Akafuta kwa mkono wa shati, akaenda zake.

Siku tisa hakuniletea hata kikombe cha kuosha. Aliosha mwenyewe. Akafunga meza siku tatu, jambo ambalo hakulifanya hata Mama alipofariki.

Siku ya kumi asubuhi nimekaa na mapazia yangu, nikaona kivuli. Ameshika komamanga. Hakuligonga. Akaufungua mkono wangu wa kushoto akaliweka. Nikalipima. Nikatikisa kichwa. Akakunja uso, akatoa kisu, akalizungushia taji palepale juu ya pazia la watu, akalipasua. Jeusi. Akaleta jingine, nikatikisa kichwa, akalipasua, jeusi. Akaleta la tatu. Lilikuwa baya kwa sura, limechakaa, lina pembe kama jiwe la jiko, zito mpaka kifundo cha mkono kiliinama. Nikaitikia. Akalipasua, na punje zikatawanyika nyekundu, zimebanana zinagombania nafasi. Nikala. Nilipasua punje moja kwa meno ya mbele, halafu nikachota kiganja kizima, Kijiko, juisi ikanichuruzika mpaka kwenye pazia, na doa la komamanga unalijua, halitoki. Pazia nitalilipa. Yeye alinitazama tu nikila, kama zile Ijumaa.

Halafu akasema, "Piga ukucha wewe. Na usiupindishe ufanane na wangu."

Sina ukucha wa maana, sindano zimeumaliza, lakini nimepiga. Ndilo kreti hili. Makomamanga thelathini na tisa, yote yameinama kushoto, yote yamepita mkononi mwangu mchana kweupe, Baba amekaa kando na kisu akipasua moja hapa, moja pale kunihakiki, na anabisha kila nikimshinda. Mpelekee Mpishi Mkuu. Ukikuta bovu, nitukane mimi, kwa jina, na jiko lote lisikie.

La arobaini liko chini kabisa, limefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Hilo lina ukucha wa kulia. Baba alilitafuta kutwa nzima. Aliligonga, akaliweka sikio la kushoto, akasikiliza mpaka nikaona aibu kumtazama. Amesema: hili ni la Kijiko, alipasue mwenyewe, aniandikie amekuta nini. Amesema usimwongopee hata kwa neno moja.

Mimi nimelishika. Nilipokuwa nalifunga nilifumba macho nikalipima, kwa hiyo najua. Sikulibadilisha, na sikwambii.

Chukua kijiko chako. Andika kwa herufi kubwa, uitume kwa jina lake, nitampelekea bila kuifungua. Uongo nimemwambia peke yangu miaka miwili. Hili moja mwambie wewe.

Mashoto